Neno "hand" kwenye kamusi za Kiingereza: ipi inamfaa msomaji wa Kiswahili?

Ubora wa kamusi ya Kiingereza hujulikana kwenye maneno mepesi. Neno gumu la sayansi mara nyingi lina maana moja, na kila kamusi huipata. Fungua "hand", neno analolijua mtoto wa darasa la tatu, na utakuta mkono, mshale wa saa, kibarua wa shambani, baharia, karata alizoshika mchezaji, makofi ya ukumbini, mwandiko na kipimo cha urefu wa farasi, halafu msururu wa nahau ambazo ndani yake hamna mkono wowote. Hapo ndipo kamusi nzuri na ya hovyo zinapoachana.

Zilizopimwa hapa ni nne zinazosomwa bure mtandaoni: Longman, Oxford ya wanafunzi, Cambridge na Wiktionary. Imeongezwa kamusi ya karatasi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo shule na ofisi nyingi zinayo kabatini. Kwa asiye na muda: anza na Longman, hakikisha kwa Oxford, na TUKI isiwe mbali.

Kwetu tatizo linaanzia kwenye maana ya kwanza kabisa. Mkono wa Kiswahili huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. Kiingereza hukata kwenye kifundo: juu yake ni "arm", kuanzia hapo kwenda chini ni "hand". Aliyevunjika mfupa chini kidogo ya bega akiandika "I broke my hand", msomaji ataelewa kwamba kilichovunjika ni kiganja au vidole. Longman na Oxford huliweka wazi kwenye mstari wa kwanza: sehemu iliyo mwisho wa "arm", pamoja na "fingers and thumb". Angalia hilo la mwisho. Kwetu dole gumba ni kidole kama vingine. Waingereza hulitaja kando, na ukisoma haraka hutaona kwamba hata hapo kuna la kujifunza.

Nguvu ya Longman iko kwenye vibao. Mbele ya kila maana kuu huweka kichwa kifupi cha herufi kubwa: PART OF BODY, HELP, CONTROL na kuendelea. Unapitisha jicho kwenye vibao mpaka ukutane na kinachoelekeana na sentensi yako, kisha unasoma hapo tu. Maelezo yenyewe yameandikwa kwa msamiati wa maneno kama 2,000, utaratibu ulioanza na toleo la kwanza la mwaka 1978. Kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha yake hii ni nafuu kubwa, maana hutoki kwenye neno moja usilolijua ukaangukia kwenye mengine matatu. Pembeni ya "hand" utaona pia alama S1 na W1. Maana yake ni kwamba neno hili limo katika maneno 1,000 yanayotumika zaidi kwenye mazungumzo, na limo vilevile katika 1,000 ya maandishi.

Nahau, Longman huzichanganya humohumo kwenye namba za maana, bila kuzitenga mwishoni. Hili lina faida na hasara. Faida ni kwamba nahau inayotumika sana kama "on the other hand" hukutana nayo mapema. Hasara ni kwamba orodha ni ndefu mno, na kwenye simu ndogo utateleza kidole muda mrefu. Njia rahisi ni kutumia kitafutio cha kivinjari chenyewe, kile cha kutafuta neno ndani ya ukurasa, ukaandika sehemu ya nahau yako.

Chukua "out of hand", ambayo huwaangusha hata walimu. Ziko sentensi mbili: "The party got out of hand" na "The bank rejected the proposal out of hand". Ya kwanza inasema sherehe iliharibika, watu wakawa hawazuiliki. Ya pili inasema benki ililikataa pendekezo katakata, bila hata kulifungua. Aliyejifunza ya kwanza peke yake ataifasiri ya pili kwamba pendekezo lilikataliwa kwa sababu mambo yalishindikana, na barua nzima itapotoka. Dalili iko kwenye kitenzi. Ukiona "get", ni kushindikana. Ukiona "reject", "dismiss" au "refuse", ni kukataa papo hapo. Mifano ya Longman hukuonyesha vitenzi hivyo, ndiyo sababu inafaa kuisoma mifano kabla ya kuyaamini maelezo.

Oxford ya wanafunzi ilizaliwa mbali na Uingereza. A. S. Hornby na wenzake waliitoa kwanza Tokyo mwaka 1942 kwa ajili ya wanafunzi wa Japani, na hadi leo inaonekana ilitungwa kwa kumfikiria mgeni wa lugha. Toleo lake la kumi lilitoka mwaka 2020. Mtandaoni "hand" imegawanywa kurasa mbili, nomino kwake na kitenzi kwake, kwa hiyo usipoiona "hand over" usidhani imesahaulika. Hamia ukurasa wa kitenzi.

Nahau zote ziko chini, kwenye sehemu yake, kwa mpangilio wa alfabeti. Kanuni moja ukiishika utaokoa muda: Oxford huifafanua nahau kwenye neno lake la kwanza lenye uzito, yaani nomino, kitenzi, kivumishi au kielezi. "Bite the hand that feeds you" inafafanuliwa kwenye "bite", na methali ya ndege mmoja mkononi inafafanuliwa kwenye "bird". Kwenye "hand" utakuta kiungo tu cha kukupeleka huko. Msomaji asiyejua kanuni hii huondoka akidhani kamusi haina nahau anayoitaka.

Oxford inashinda pia kwenye lebo. Inakwambia lipi ni la mazungumzo, lipi ni la kizamani, lipi ni la Uingereza na lipi la Marekani. "To ask for somebody's hand" ni kuposa, ila leo ina harufu ya kizamani. Ukiiandika kwenye barua ya kawaida, msomaji atatabasamu. Kukabidhi kazi ya darasani, Mwingereza husema "hand in", na Mmarekani mara nyingi husema "turn in". Mtu anayejiandaa kwa mtihani anazihitaji lebo hizi kuliko orodha ya maana ishirini.

Cambridge nitaipita haraka. Maelezo yake ni mepesi, ina alama za viwango vya ujuzi wa lugha kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea, na nahau nyingi zimepewa ukurasa wake. Ndiyo bora pale unapoijua nahau nzima na unataka kuiandika kama ilivyo kwenye kisanduku cha kutafutia. Haifai kwa kutembeatembea ndani ya neno, kwa sababu utafungua ukurasa baada ya ukurasa, na bando litakwisha.

Wiktionary huandikwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo isiwe shahidi wako wa pekee. Lakini ina mambo mawili yanayofaa: asili ya neno, na jedwali la tafsiri kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo kwa maneno mengi ya kawaida. Ni mahali pazuri pia pa kujua kwa nini kushinda kirahisi huitwa kushinda "hands down". Msemo umetoka kwenye mbio za farasi, mpandaji anapokuwa mbele kiasi cha kuteremsha mikono na kulegeza hatamu.

Na tukiwa kwa farasi: "hand" moja ni inchi 4, yaani sentimita 10.16. Ukisoma kwamba farasi ana "14.2 hands", nukta hiyo si ya desimali. Ni "hand" 14 na inchi 2, jumla inchi 58, karibu sentimita 147. Anayepiga hesabu ya 14.2 mara 10.16 anapata sentimita 144 na ushei, na amekosea.

Sasa sehemu ambayo kamusi za Kiingereza peke yake haziwezi kukusaidia: kuirudisha nahau kwenye Kiswahili kinachosemwa. Hapa TUKI ina kazi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1996, na imekuwa nguzo ya wafasiri tangu hapo. Kurasa za karatasi hazina nafasi ya sentensi nyingi, basi itumie kupata neno, kisha rudi kwenye mifano ya Longman uone kama neno hilo linakaa.

Nahau nyingine huvuka na mkono wake. Bahasha iliyoandikwa "By hand" ofisini kwetu huandikwa "Kwa mkono". "A game in hand" kila mtangazaji wa mpira anaijua kama mchezo mmoja mkononi. "To wash your hands of" ni kunawa mikono, na kila aliyesoma habari za Pilato ataelewa. "My hands are tied" watu husema mikono yangu imefungwa. "To suffer at the hands of" ni kuteseka mikononi mwa fulani.

Nyingine mkono hupotea, na ukiulazimisha sentensi inanuka tafsiri. "To have the upper hand" ni kushika mpini. "Hand in glove with" mara nyingi hutumika kwa shughuli chafu. Kwetu unasema lao moja. "To live from hand to mouth" ni maisha ya kijungujiko. "An old hand" ni mzoefu au mkongwe, wala si mkono mzee. "To bite the hand that feeds you" ina methali yake tayari: asante ya punda ni mateke. "To know a place like the back of your hand" ni kulijua eneo nje ndani.

"Give me a hand" ni nisaidie, au mitaani Dar nipige tafu. "Give her a big hand" ni mpigieni makofi. Sentensi hizi zinafanana kwa sura, na kinachozitenganisha ni "big" pamoja na mahali inaposemwa. Mshereheshaji akisema ya pili, usisimame kwenda kumsaidia mgeni rasmi.

Kistari nacho kina uzito. "Second-hand" yenye kistari ni mtumba. "Second hand" bila kistari kwa kawaida ni mshale wa sekunde kwenye saa. Na kibainishi "the" hubadilisha kila kitu: "The matter is in hand" ni kwamba suala linashughulikiwa, lakini "The matter is in the hands of the police" ni kwamba liko mikononi mwa polisi, na sisi tumeshaliachia. Anayeandika taarifa za ofisini aishike tofauti hiyo kabla ya nyingine zote.

Safari ya kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ina mitego yake. Kuunga mkono ni "support". Mkono wa birika ni bahili, na Kiingereza hakina birika wala mkono hapo. Kumpa mtu mkono wa pole ni "offer condolences". Mkono wa serikali ni mrefu, lakini kwa Kiingereza urefu huo ni wa "arm": "the long arm of the law". Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili haitakufikisha huko; unahitaji ile ya Kiswahili-Kiingereza, ambayo TUKI waliitoa mwaka 2001.

Vipi kuhusu programu za kutafsiri kwenye simu? Zinasaidia, kwa sharti moja: zipe sentensi nzima. Ukizipa "old hand" tupu au "in hand" tupu, hazina pa kushika, na kinachorudi huwa kubahatisha. Ongeza kitenzi, mtendaji na sentensi moja ya kabla yake. Kisha lisome vizuri jibu la Kiswahili lililorudi. "Mkono" ukijitokeza pasipo na mkono, ujue nahau imetafsiriwa neno kwa neno.

Mwisho ni matamshi, ambako tovuti zinaipita karatasi kwa mbali. Longman, Oxford na Cambridge zote zina sauti ya Uingereza na ya Marekani, bure. Usisikilize "hand" peke yake. Sikiliza familia yake. Kwenye "handsome" d haitamkwi kwa kawaida. Kwenye "handkerchief" d haipo kabisa, na n hugeuka kuwa sauti ile ya ng' ya ng'ombe. Kwenye "handbag" msemaji wa haraka huimeza d, na n ikakaribia m. Tahajia haitakuonyesha lolote kati ya hayo, kwa hiyo bonyeza spika kwanza, soma baadaye.