Fimbo au kamba: kusafisha mtutu wa bunduki ya shabaha ya mtumba

Bunduki ya .22 (kipenyo cha takribani inchi 0.22) ya bolti, yaani kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, iliyopita mikono mingi huharibiwa na usafishaji mbaya kuliko na risasi zenyewe. Kwa kazi ya nyumbani, chagua fimbo ya kusafishia iliyo nzima, isiyoungwa vipande. Hakikisha chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) ni tupu, chomoa bolti, weka kiongozi cha fimbo (mrija unaoishika fimbo katikati) nyuma ya mtutu, kisha sukuma kitambaa chenye dawa ya kusafishia kuelekea mdomo wa mtutu. Subiri dakika 10, pitisha brashi ya bronzi mara 5, halafu vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke cheupe. Brashi itokeze nje kabisa ndipo uirudishe; ukigeuza katikati nywele zake zinapinda na inakwama. Fimbo ya vipande inayoingizwa kwa mdomo wa mtutu ndiyo adui: maungio yake yanakwangua ukingo, na ukingo ukilika upande mmoja risasi inayumba.

Kamba ya kusafishia, yenye uzito ncha moja na kitambaa ncha nyingine, hukunjwa ikaingia mfukoni, inafaa uwanjani na kwa bunduki isiyofunguka kwa nyuma. Dondosha uzito wake kutoka chemba, vuta kwa mkono mmoja, sawasawa na mtutu. Ukivuta kwa pembeni inachimba mfuo mdomoni mwa mtutu. Kitambaa kikiwa kinene, kamba hukatika ndani.

Kiangazi cha Dodoma vumbi hushika kila penye mafuta, na kamba iliyoangushwa chini huwa msasa. Ioshe kwa sabuni, ianike ikauke. Mtutu upakwe mafuta kidogo tu, na kabla ya kulenga pitisha kitambaa kikavu.