Hilux ya 1982: shokapu, bushi na stebilaiza mpya

Pikapu yangu ni Hilux ya 1982, ile inayovutwa na magurudumu ya nyuma pekee. Ikiwa tupu, mkia ulikuwa unaruka kila tuta, na kona yenye mashimo ulikuwa unahamia pembeni. Usukani nao unauzungusha, kisha unasubiri pua iitikie.

Nilianza kwa kukosea. Nilifunga springi nzito za nyuma, na hali ikawa mbaya zaidi. Gari tupu halina uzito wa kukandamiza springi ngumu, na shokapu zilizochoka haziwezi kuzituliza. Nikarudisha zile za asili, baada ya kuzifungua bapa moja moja, kusugua kutu na kupaka grisi. Yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, nilinunua mpya, maana za zamani zikishavutika haziaminiki tena.

Kilichobadilisha gari ni bushi, zile pete laini zinazokaa kwenye maungio ya vyuma vinavyoshika magurudumu. Zile za mikono ya mbele zilikuwa zimepasuka kiasi kwamba gurudumu lilikuwa linajigeuza lenyewe ukishika breki. Huko mbele niliweka za mpira, na kwenye springi za nyuma nikaweka za poliurethani, plastiki ngumu kuliko mpira. Bolti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza likiwa linaning'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejipinda muda wote na unachanika mapema. Fundi wa kwanza hakulijua hilo, nikalazimika kununua seti mbili.

Kwa mbele gari hili halina springi za koili; lina tosheni baa, fimbo ndefu za chuma zinazojipinda gurudumu likipanda. Wengi hukaza bolti zake wakidhani wanaongeza ugumu. Inainua gari tu, ugumu wa fimbo unabaki ule ule, na gurudumu linakosa nafasi ya kushuka shimoni. Mimi nilizirudisha kwenye kimo cha kiwandani, kisha nikafanya alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu. Ukizitoa, ziwekee alama: ya kushoto haifai kufungwa kulia.

Shokapu nilichagua za gesi. Ile gesi inazuia mafuta yasitoe povu kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, na hapo ndipo nilipoona thamani yake: safari inaisha zikiwa bado zinashika kama zilivyoanza.

Stebilaiza ya nyuma, fimbo inayopunguza kuinama kwa bodi kwenye kona, ni nzuri, ila tobo moja la bano halikulingana na chasisi, tukalipanua kwa tupa. Chukua nyembamba. Nene inaondoa kuinama kwa bodi lakini inafanya mkia uteleze haraka barabara ikiwa na maji, na pikapu tupu tayari ni nyepesi huko nyuma.

Bushi za poliurethani zinalia mvua ikizilowesha. Grisi ya silikoni inazinyamazisha kwa muda, kisha unarudia.

Sasa naingia kona nikiwa nimelegeza mikono, na sijaacha kufurahia. Kilichobaki ni mchezo mdogo kwenye boksi ya usukani, yaani usukani unazunguka kidogo kabla magurudumu hayajageuka. Skrubu yake ya juu siikazi kwa nguvu: meno ya katikati huisha kabla ya yale ya pembeni, kwa hiyo ukiondoa mchezo wote katikati, usukani utabana ukikata kona. Nitaifungua boksi kwanza nione meno yenyewe.