TheyWorkForYou: pa kuanzia ukitaka kujua mbunge wako anamtii nani

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura ya ubunge huko hata kama hana pasipoti ya Uingereza, kwa kuwa nchi hizo zimo katika Jumuiya ya Madola. Haki hiyo inajulikana. Kinachowashinda watu ni hatua inayofuata: mbunge akishaingia Westminster, yaani Bunge la Uingereza, utajuaje kama anasimama kwa akili yake au anafuata tu anachoambiwa na chama? TheyWorkForYou ndiyo huduma bora zaidi ya kujibu swali hilo. Ni ya bure, imekuwapo tangu 2004, na inaendeshwa na mySociety, shirika la hisani. Tunaipendekeza bila kusita. Ila kuna namba moja ya kura ambayo watu huinukuu vibaya mara nyingi, nayo ni idadi ya mara mbunge alizokiasi chama chake.

Kuitumia hakuhitaji ujuzi. Andika postikodi yako, jina la mbunge litatokea. Kwenye ukurasa wake kuna hotuba zake, masilahi ya kifedha aliyoyatangaza, na kura zake. Ingia kwenye kura. Utakuta zimepangwa kwa mada, kama vile kodi, ruzuku za ustawi, uhamiaji na mazingira, na chini ya kila mada kuna sentensi inayoeleza kama mbunge ameunga mkono jambo fulani daima, mara nyingi, au kwa kuchanganya. Mahali ambapo ametofautiana na wenzake wa chama huonyeshwa peke yake. Anzia hapo. Kwa wabunge walio wengi sehemu hiyo ni fupi mno au haipo kabisa, na hilo lenyewe linakueleza jinsi nidhamu ya vyama vya Uingereza ilivyo kali.

Usiishie kwenye sentensi ya muhtasari. Kila sentensi imejengwa kwa kura kadhaa zilizochaguliwa na watu, na kuchagua ni kutoa maamuzi. Bofya mpaka ufike kwenye kura moja moja: tarehe, hoja iliyokuwa mezani, matokeo, na mgawanyo wa kila chama. Hapo ndipo ilipo thamani ya huduma hii. Na kumbuka kwamba uchaguzi wa Julai 2024 uliingiza wabunge wapya 335 kati ya 650, kwa hiyo rekodi za zaidi ya nusu ya Bunge ni changa. Mbunge mwenye kura chache kwenye mada hawezi kuhukumiwa sawa na aliyekaa miaka ishirini.

Sasa tuje kwenye hiyo namba. Kila wiki viranja wa chama, yaani wabunge wanaosimamia nidhamu ya kura, huwapelekea wabunge wao waraka wenye shughuli zijazo, na kila shughuli imepigiwa mstari mmoja, miwili au mitatu. Mistari mitatu maana yake ni amri: uwepo, na upige kura chama kinavyotaka. Waraka huo vyama havichapishi rasmi. Tovuti ya nje, hata iwe makini vipi, haiuoni. Kwa hiyo uchambuzi wa aina hii, tangu enzi za Public Whip, tovuti ya kuchambua kura za Bunge ambayo ndiyo TheyWorkForYou iliitegemea kwa takwimu za kura, hukisia amri ya chama kwa kuangalia walio wengi walipiga upande gani. Ukipiga kinyume na wengi wa chama chako, umehesabiwa kuwa muasi.

Mara nyingi makisio hayo ni sahihi. Yanapokosea, hukosea kwa kishindo, na mfano mzuri ni mswada wa kuwasaidia wagonjwa mahututi kukatisha maisha yao. Tarehe 29 Novemba 2024 ulipita kusomwa mara ya pili, hatua ambapo Bunge hukubali mswada kimsingi, kwa kura 330 dhidi ya 275. Katika Labour, chama kilichokuwa madarakani, 234 waliunga mkono na 147 wakapinga. Ukifuata kanuni ya walio wengi, wale 147 wote waliasi. Hawakuasi hata kidogo: ilikuwa kura huru, viranja hawakutoa amri yoyote, kila mtu alipiga kwa dhamiri yake. Keir Starmer, Waziri Mkuu wakati huo, alipiga ndiyo, na baadhi ya mawaziri wake wakapiga la, na hakuna aliyeadhibiwa. Ukiona chama kimegawanyika kwa namna hii, theluthi huku na theluthi mbili kule, karibu kila mara umeikuta kura huru. Itoe kwenye hesabu yako kabla hujamwita mtu yeyote muasi au mtiifu.

Kosa la pili ni la kusoma kutokuwepo. Bunge la Uingereza halina kitufe cha kujizuia kupiga kura. Kengele hulia, wabunge wana dakika 8 kabla milango haijafungwa, wa ndiyo wanapita ushoroba wa kulia kwa Spika na wa la ushoroba wa kushoto. Asiyepita popote, wala hana mwenzake aliyeruhusiwa kumpigia, hana kura, basi. Huenda alikuwa anaupinga mswada kimyakimya, huenda yuko hospitali, huenda ni waziri aliye safarini, huenda viranja wa pande mbili wamekubaliana kwamba mmoja wa huku na mmoja wa kule wasipige ili mizani isiharibike. Makubaliano hayo hayaandikwi popote unapoweza kuyaona. Spika na manaibu wake hawapigi kabisa. Wahesabu kura, wawili kila upande, hawamo kwenye jumla rasmi ingawa upande wao unajulikana. Wabunge 7 wa Sinn Féin, chama cha Ireland Kaskazini, waliochaguliwa 2024 hawakai bungeni kwa msimamo wa chama chao. Yote haya, ukiyatazama juujuu, yanafanana na uvivu.

Tazama kura ya tarehe 23 Julai 2024 kuhusu ukomo wa ruzuku kwa watoto wawili, yaani kanuni ya kuwalipa wazazi ruzuku ya watoto wawili wa kwanza tu. SNP, chama cha kitaifa cha Scotland, walileta marekebisho ya kutaka ukomo huo uondolewe. Yalishindwa kwa kura 363 dhidi ya 103. Wabunge 7 wa Labour waliyaunga mkono, na wote 7 wakasimamishwa kwenye kundi la chama bungeni kwa miezi sita. Lakini zaidi ya 40 wa chama hichohicho hawakuwa na kura iliyorekodiwa. Baadhi walikuwa na ruhusa, wengine waliamua kutopita mlangoni. Kwenye rekodi wote wamekaa safu moja. Ukitaka kuwatenganisha, nenda kwenye hotuba na taarifa zao za wiki hiyo. Mbunge aliyejizuia kwa makusudi kwa kawaida atataka wapiga kura wake wajue.

Mkasa huo unatufundisha jambo jingine kuhusu thamani ya namba. Wanne kati ya wale 7 walirudishwa kundini Februari 2025. Kisha katika bajeti ya tarehe 26 Novemba 2025 serikali yenyewe ikatangaza kuuondoa ukomo ule kuanzia Aprili 2026. Rekodi itaendelea kuonyesha kwamba watu 7 walienda kinyume na chama, na ni kweli. Haiwezi kuonyesha kwamba chama kilikuja kuwafuata walikotangulia.

Penye hatari kubwa kuliko zote ni marekebisho, na hapa tunaomba msomaji aende polepole. Tarehe 1 Julai 2025 Bunge lilijadili mswada wa kupunguza ruzuku za ulemavu na ugonjwa. Jioni ile zilipigwa kura mbili mfululizo. Ya kwanza ilikuwa juu ya marekebisho yaliyoletwa na Rachael Maskell wa Labour, na aliyepiga ndiyo hapo alikuwa anataka mswada ukataliwe. Marekebisho yalishindwa, 149 dhidi ya 328. Ya pili ilikuwa kusomwa mara ya pili, na aliyepiga ndiyo hapo alikuwa anataka mswada uendelee. Ulipita, 335 dhidi ya 260, na wabunge 49 wa Labour wakapiga la. Kwa hiyo mpinzani wa kweli wa mswada ana ndiyo moja na la moja usiku uleule, na mtiifu wa chama ana la moja na ndiyo moja. Anayepiga picha ya skrini yenye neno "ndiyo" na kuisambaza bila kusoma hoja anaweza kumpaka mtu matope asiyostahili. Soma maneno ya hoja kila mara. TheyWorkForYou inayaweka, tatizo ni wasomaji wanaoyaruka.

Tena kwenye mswada huohuo, uasi uliokuwa na nguvu haumo kwenye kura. Kabla ya siku hiyo wabunge zaidi ya 120 wa Labour walikuwa wametia saini marekebisho ya kuukataa. Ni saini hizo zilizoilazimisha serikali kulegeza masharti, kisha, mjadala ukiwa unaendelea, kuahidi kukiondoa kipengele cha 5 kilichogusa malipo ya watu wenye ulemavu. Waliotia saini wakaridhika na kupiga kura na chama wanaonekana kwenye rekodi kuwa watiifu, na kumbe walikuwa wameshashinda sehemu kubwa ya walichokitaka. Ukitaka kumpima mbunge kwa haki, angalia pia orodha ya waliotia saini marekebisho kwenye tovuti rasmi ya Bunge, maana hapo ndipo shinikizo huonekana kabla ya kengele kulia.

Na kuna maamuzi ambayo hakuna huduma inayoweza kuyaonyesha. Spika huuliza kwa sauti, wabunge hujibu kwa sauti, na kama upande mmoja haukupiga kelele ya kutosha kudai kuhesabiwa, jambo limepita. Hakuna majina.

Hilo la mwisho linawagusa zaidi wasomaji wa Nairobi. Mzalendo, tovuti ya kufuatilia Bunge la Kenya iliyoanzishwa 2005, ilijengwa upya mwaka 2012 kwa programu ya mySociety, kwa hiyo ni ndugu wa damu wa TheyWorkForYou. Inafanya kazi nzuri ya kuziweka hotuba za Hansadi mahali pa kusomeka, na kadi yake ya alama ya kila mwaka husubiriwa kwa hamu. Lakini kadi hiyo hupima zaidi uzungumzaji bungeni. Mbunge anaweza kushika nafasi ya juu kwa kusema sana huku akipiga kura na chama mara zote, na mwingine akakaa kimya mwaka mzima kisha akapiga la siku ambayo la hiyo iligharimu. Kasoro si ya Mzalendo peke yake: maamuzi mengi ya Bunge la Kenya hupita kwa sauti, kwa hiyo majina hayapo ya kuchambuliwa. Yanapokuwepo, wananchi huyatumia. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopitishwa tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, orodha ya nani alipiga nini ilizunguka kwenye simu za watu siku hiyohiyo. Tanzania nako kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa jina moja moja na kila mbunge kujibu hadharani, na hiyo ni rekodi safi ambayo mtu angeweza kuijengea huduma kama hii kuanzia kesho.

Ila usichukue kipimo cha London ukakibandika Nairobi au Dodoma kilivyo. Mbunge wa Uingereza anayesimamishwa na chama anabaki mbunge, anakaa kama wa kujitegemea, na hata akihamia chama kingine hakuna uchaguzi mdogo. Tanzania, Katiba inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka anapoteza kiti, kwa hiyo chama kikimfukuza, kimemgusa kwenye ubunge wenyewe. Kenya, Ibara ya 103 inamwondoa anayejiuzulu chama au anayehesabiwa kisheria kuwa amejiuzulu, na kabla ya kufika huko chama kinaweza kumng'oa kwenye kamati na vyeo, kama Kipchumba Murkomen alivyovuliwa uongozi wa walio wengi katika Seneti Mei 2020. La moja Dodoma lina bei ambayo la kumi za Westminster hazina, na jedwali lolote la kulinganisha wabunge wa nchi hizi kwa idadi ya uasi litampotosha msomaji.

Kwa matumizi ya kila siku, jiandikishe kupata taarifa kwa barua pepe: utaarifiwa mbunge wako akizungumza, na unaweza pia kuweka neno, kwa mfano jina la nchi yako, likitajwa bungeni upate ujumbe. Ukiwa na haraka ya matokeo ya kura iliyopigwa leo, tovuti rasmi ya kura za Commons, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, ndiyo chanzo chenyewe; TheyWorkForYou ni bora kwa kuangalia mwenendo wa miaka.

Ukishamaliza kusoma, mwandikie. WriteToThem, huduma nyingine ya mySociety, hupeleka ujumbe kwa mbunge wako ukiweka postikodi tu. Haipendi barua zilizonakiliwa kutoka kampeni, kwa hiyo andika kwa maneno yako mwenyewe. Taja tarehe na hoja, si mada nzima. Badala ya "kwa nini unawapinga wenye ulemavu," andika: "Tarehe 1 Julai 2025 ulipiga kura mswada usomwe mara ya pili. Je, chama kilitoa amri ya mistari mitatu, na kama kura ingekuwa huru ungepiga vilevile?" Hakuna tovuti iliyo na jibu la swali hilo isipokuwa yeye.