Steshenari ya Mtwara mjini inayosaidia maombi ya masters: nyota nne kati ya tano

Naandika hii kwa ajili ya vijana wa kusini hasa mliomaliza digrii mpo tu nyumbani, mnajitolea shule za kata au mmerudi shamba, wa Tandahimba, Newala, Nanyumbu, Liwale huko, mana najua mnatafuta mtu wa kuwasaidia kuomba skolashipu ya masters na mnachokutana nacho ni matangazo ya mawakala. Sasa pale Mtwara mjini njia ya kwenda Ligula kuna steshenari ya kawaida kabisa, wanatoa kopi, wanaskani, wanauza madaftari, ila Jumamosi mchana kuna madam anakaa meza ya nyuma anasaidia watu maombi. Mwenyewe kasoma masters Uingereza kwa skolashipu akarudi. Jina lake siweki mana kaniomba nisiweke, ukifika uliza madam wa skolashipu utaonyeshwa. Mimi nilimpeleka mdogo wangu wa kike, ana digrii ya kilimo, nikakaa pembeni naangalia kila kitu.

Bei kwanza. Ushauri bure, unalipia kuprinti na kuskani tu bei ileile anayolipa mtu yeyote aliyeingia kutoa kopi ya kitambulisho chake. Nasisitiza hili kwa sababu kuna kijana wa jirani yetu alilipishwa na wakala mmoja hela ya "kusajili skolashipu", mama yake kauza korosho ghafi kwa kangomba, yani kwa walanguzi kwa bei ya hasara, kabla hata mnada haujafunguliwa ili ipatikane, na mpaka leo hamna kitu. Madam kitu cha kwanza anachomwambia kila anayekaa mbele yake ni kwamba skolashipu ya Chevening ya serikali ya Uingereza haina ada ya maombi, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya haina, Commonwealth ya kusoma Uingereza haina, kwahiyo anayekwambia lete hela ya usajili muache hapohapo ondoka. Kwa vyuo vya Marekani ni tofauti, vyenyewe vingi vina ada ya maombi ila unaweza kuwaandikia imeili ukaomba wakusamehe na wengi wana utaratibu huo, na mtihani wa kujiunga unaoitwa GRE ambao ni dola 220 vyuo vingi viliacha kuudai baada ya korona. Nani nyumbani kwetu angetuambia haya? Sisi tungeona dola tungefunga laptopu tukalale.

Kingine ambacho vijana wengi hawakijui ni masaa ya kazi. Chevening wanataka masaa 2,800 ya uzoefu na watu wakisoma hapo wanakata tamaa wanasema mimi sijaajiriwa, kumbe kujitolea kunahesabiwa. Nilimuona kaka mmoja mwalimu wa kujitolea madam anampigia hesabu kwenye karatasi, masaa 40 kwa wiki mara wiki 70 hiyo hapo 2,800, yule kaka alikua ameshapita hapo zamani na muda wote huo anajiita hana kazi. Field ya chuo ile ya lazima ndo haihesabiwi.

Sasa kwenye insha ndo niliona tofauti ya huyu mtu. Mdogo wangu alikua na insha aliyoiandika usiku, imeanza na tangu utotoni nimekua na ndoto, afu ni shida tupu mpaka mwisho, baba kafariki, ada ilikua ya kuungaunga. Madam akaisoma yote kimya, akaiweka pembeni, akaanza kumuuliza kwa Kiswahili tu kama wanapiga stori, msimu wa korosho nyumbani kwenu kazi yako wewe ni ipi? Dogo akasema kupuliza salfa, mana ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia kwenye maua hamna korosho. Akaulizwa unajuaje mkorosho upi umeshikwa, akasema nina daftari naandika, huu ulishikwa mwaka jana, huu ulipona, huu tulichelewa kupuliza. Na AMCOS, chama chenu cha ushirika cha wakulima, je? Akasema nawasaidia kuandika risiti siku za kupima, na wazee huwa wananiletea chupa za viuatilifu niwasomee mana maelezo yameandikwa Kiingereza, kuna mzee alikua anachanganya mara mbili ya kipimo. Vyote hivi hakuviandika hata kimoja, yeye anaona ni kazi za nyumbani. Madam akamwambia haya uliyonisimulia sasa hivi ndo uyaandike, na lile daftari lilete. Mimi kaka yake nimeishi nae nyumba moja na sikuwahi kuliona lile daftari kama kitu cha maana, siku ile nilimuangalia dogo vingine kabisa.

Hakumkataza kusema hali ya nyumbani, kuna skolashipu zinataka kabisa waijue, Commonwealth Shared ni ya mtu ambaye bila msaada asingeweza kujilipia kusoma Uingereza na Mastercard Foundation nao wanaangalia wasio na uwezo, ila iwekwe pale wanapouliza, kwenye insha waone unachokifanya. Na haandiki insha ya mtu. Ukimwambia madam niandikie tu nitakutoa anakataa, wapo wanaokasirika wanaondoka, mimi namuunga mkono kwa asilimia zote, mana kuna sehemu wanauza insha moja kwa watu kumi afu kwenye intaviu mtu anaulizwa kuhusu habari zake mwenyewe hazijui.

Wadhamini wa kumuandikia barua pia aliwapanga vizuri. Mmoja mwalimu wa chuo aliyemsimamia tafiti, wa pili akamwambia nenda Naliendele pale kituo cha TARI wanapofanya utafiti wa korosho ukaombe kujitolea, mana mtu aliyekuona unafanya kazi anaandika barua yenye nyama.

Na kuna huduma ambayo hamna wakala anaitoa, anaongea na wazazi. Kwetu sisi mjomba ndo mwenye neno, na mjomba alikua hataki, akaja nae pale kavaa kanzu yake ya Ijumaa akauliza swali moja tu, hii hela mtoto atairudishaje? Mana anajua wa bodi ya mikopo wanakatwa asilimia 15 ya mshahara. Madam akampa shikamoo kwanza, akamvutia kiti, akamueleza mjomba hii sio mkopo, wanalipa ada, nauli na hela ya kuishi, masharti ya Chevening ni kwamba akimaliza arudi nchini akae angalau miaka miwili, na deni la bodi alilonalo halimzuii kuomba. Mjomba akasema kumbe anarudi. Kwisha, ruhusa ikatoka.

Nyota moja nimeitoa kwa haya. Yupo peke yake, foleni ndefu, watu wanatoka Masasi alfajiri wanafika na wengine wanaondoka hawajaonwa, ingefaa hata kuwe na daftari la kuandikisha majina mapema. Pili kompyuta ya pale mafaili ya watu yanabaki wazi, nimeona vyeti na namba za NIDA za watu nisiowajua zipo tu hapo mbele, hii ni hatari na nimemwambia mwenye duka, nyie mkienda bebeni flashi na mhakikishe mmetoka kwenye imeili yenu. Tatu, masters za ndani hazipi uzito. Mtu mwenye watoto au anayeuguza mzazi hawezi kwenda popote, na Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi hapahapa, kuna SUA chuo cha kilimo Morogoro, kuna Nelson Mandela Arusha ambayo ni ya masters na PhD, na GPA ya 2.7 kwa kawaida inakuingiza vyuo vyetu vingi. Wa namna hiyo wanaondoka pale na maelezo ya dakika mbili na sio haki.

Mdogo wangu kapata udahili wa chuo, skolashipu bado tunasubiri majibu, nitarudi kuandika hapa yakitoka.

Kama unataka kwenda usingoje dedlaini. Chevening huwa inafunguliwa mwezi wa nane inafungwa mwezi wa kumi, yani katikati ya salfa na kuokota korosho, nyumbani hamna anayepumua, kwahiyo anza mwezi wa sita. Transkripti ifuate mapema chuoni, 2024 mwezi wa tano kimbunga Hidaya kilikata barabara huko Somanga na mwezi huohuo nyaya za baharini zikakatika intaneti ikafa, waliokua wameacha mambo ya mwisho walikwama kotekote. Beba cheti, transkripti, pasipoti kama unayo, majina ya wadhamini na imeili zao, na kama chuo chako kilifundisha kwa Kiingereza omba barua ya kuthibitisha hilo, vyuo vingine wanaipokea badala ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, na unaokoa safari ya Dar na ada ya mtihani.