Kanga kwa mwandishi wa hadithi: tathmini ya doti, tangu dukani hadi iwe tambara

Mwandishi anayelalamika kuwa hana la kuandika, na huku uani kwao pameanikwa kanga tatu, hajazisoma hizo kanga. Watu hununua kanga (leso, kwa watu wa Mombasa) ili wajifunge, wajitande, wabebe watoto. Hapa tunaipima kwa kazi nyingine: inampa mwandishi hadithi au haimpi? Inampa, na mara nyingi kuliko vitabu vya mazoezi ya uandishi. Ila si kila kanga, na si kwa kila namna ya kuisoma.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Kipande kimoja kina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha sentimita 110, na vipande viwili visivyokatwa ndiyo doti. Pande zote nne zimezungukwa na pindo, katikati ni mji, na juu kidogo ya pindo la chini kuna jina, yaani maneno. Majina yalianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Katika historia hiyo hutajwa sana duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililofunguliwa mwaka 1887, ambalo kanga zake hutambulika kwa chapa ya Mali ya Abdulla.

Kwa mwandishi, thamani yote iko kwenye jina. Jina zuri lina anayesema na anayeambiwa, na wote wawili wamefichwa. Chukua NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Mtu gani? Maneno gani? Yalisemwa kisimani, msibani au kwenye simu? Kanga haijibu, na kazi ya kujibu imebaki kwako. Tazama na sarufi, maana nayo hutoa siri. MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA ina "m-" ya wengi, kwa hiyo anayesema amezungukwa: ni mtaa mzima, ni ukoo wa mume, ni wenzake wa kikoba. NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU ina "-ku-", mtu mmoja aliye karibu kiasi cha kuambiwa usoni, lakini hakuambiwa usoni, kaambiwa kwa nguo. Halafu Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika nafsi. HASIDI HANA SABABU yaweza kuwa ya mke mwenza, shemeji wa kiume, hata binti wa kumzaa. Badili msemwa mara tatu na utapata hadithi tatu zisizofanana.

Dukani, iwe Mtaa wa Biashara Mombasa, Darajani Unguja au Mtaa wa Uhuru Dar es Salaam, mwombe muuzaji akukunjulie mpaka jina lionekane kabla hujapenda rangi. Kaa kidogo uangalie wanunuzi wengine. Yupo atakayependa rangi, asome jina, airudishe doti. Yupo atakayesoma, atabasamu peke yake, alipe bila kubishana bei. Hayo mawili yana uzito kuliko mazungumzo marefu ya kusikiliza kwa siri ndani ya daladala, kwa sababu mtu amefanya uamuzi mbele yako na sababu yake hujaijua.

Kama lengo ni kuandika, ziache kanga za kampeni, za maadhimisho, na zile za salamu na dua pekee. Kama nguo hazina ubaya wowote. Lakini maneno yake yamefungwa: kila mtu anajua ni ya nani, yanakwenda kwa nani na kwa nini, na mwandishi hakuachiwa pa kuingilia. Kitenge kina nakshi nzuri kuipita kanga, ila hakina neno. Maandishi ya nyuma ya magari yana neno, lakini mengi hutangazia barabara nzima, hayamlengi mtu, na gari limeshapita kabla hujajua la dereva lipi.

Ukishanunua, itumie kama nguo. Kanga mpya ina wanga, ni ngumu na haishiki mwilini. Iloweke kwenye maji, ioshe peke yake, kisha ikate na uipinde kingo zilizokatwa. Pamba tupu itazidi kulainika na hunywa maji. Iliyochanganywa na nyuzi za viwandani huteleza na haifai hata kumfutia mtoto. Sasa jifunge mbele ya kioo. Jina halionekani lote! Kunjo moja humeza nusu ya maneno. Anayepita nyuma husoma NILIKUDHANI DHAHABU, akadhani ni sifa. KUMBE ADHABU imebaki ndani. Nani anasoma nusu ipi, na nani alikunja vile kwa makusudi? Hapo kuna onyesho zima la tamthilia, na huwezi kulipata kwa kusoma orodha ya misemo mtandaoni.

Kanga ina umri pia. Huanza sandukuni ikisubiri harusi, ikawa ya kutokea, ikashuka kuwa ya ndani, ya kubebea mtoto, halafu tambara la kuepulia sufuria. Rangi inafifia, maneno nayo yanafifia. Maneno ya ugomvi wa miaka kumi iliyopita leo yanashika sufuria ya moto mikononi mwa waliogombana, na hakuna anayeyasoma tena. Mwandishi anayetafuta namna ya kupitisha muda katika hadithi fupi hana haja ya kuandika "miaka ikapita".

Njia ya kufanyia kazi: daftari dogo, ukurasa mmoja kwa kanga moja. Nakili jina kama lilivyochapwa, hata makosa ya tahajia. Andika rangi, mji, mahali, saa, na kanga ilikuwa inafanya kazi gani. Kisha dakika kumi bila kunyanyua kalamu: nani kainunua, nani alitakiwa aisome, aliisoma lini. Usiliandike jina ndani ya hadithi mpaka ukurasa wa kwanza ujae. Wengi wakishaliandika mapema hujikuta wanalifafanua badala ya kusimulia.

Makosa mawili huharibu kazi hii zaidi ya mengine. La kwanza ni kumalizia hadithi kwa jina la kanga. Hadithi hapo hapo hugeuka mawaidha, kwa sababu msomaji analijua jina tayari na anahisi kafikishwa alikoanzia. La pili ni kudhani kwamba aliyeivaa ndiye anayesema. Kanga hupewa watu, hurithiwa, huazimwa kwa mgeni aliyelowa mvua. Mama aweza kuvaa fumbo zito kwa kuwa mwanawe wa kidato cha pili alivutiwa na maua ya korosho pale mjini mwa kanga. Kosa hilo la usomaji, likifanywa na mhusika wako badala ya wewe, ni zawadi. Na ukichukua kisa kwenye kanga ya jirani, badili rangi, badili jina, badili mtaa; usimpige picha.

Ukiwa na pesa ya doti moja tu, tafuta jina lenye "kumbe": MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, kwa mfano. Neno hilo moja lina wakati wa kabla na wakati wa baada, na katikati yake pana tukio ambalo mchapaji hakuliandika. Ikate doti, jina limo kwenye vipande vyote viwili. Kimoja mpe mhusika wako ajifunge. Cha pili amua kiko kwa nani.