Vanguard ya mkono wa pili Malindi: usitoe hata thumni kabla hujapima oili

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna Toyota Vanguard nyeusi ya viti saba inauzwa hapa Malindi, imeng'arishwa mpaka unaona uso wako kwenye mlango. Nilimwomba muuzaji jambo moja: injini ipoe nusu saa, tuvute kijiti cha oili, kisha tufungue plagi tuzitazame. Akanijibu mbele za watu, "Bwana, umekuja kununua gari au kufungua gereji? Hii ni Toyota, Toyota haiulizwi." Kwenye simu alikuwa ameniambia gari limelala tangu juzi. Nilipoweka mkono kwenye boneti, ilikuwa ya moto.

Toyota hii inaulizwa. Tena hii hasa ndiyo ya kuulizwa kuliko nyingi, na anayezikataza plagi zisifunguliwe anajua kwa nini anazikataza.

Vanguard ni ndugu wa RAV4, imerefushwa kidogo na kuongezewa viti. Ilitengenezwa Japani kuanzia 2007 hadi 2013, basi. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, ya mwisho kabisa ilikuwa iwe imeshashuka Mombasa kufikia mwisho wa 2020. Kwa hiyo ukiambiwa leo kwamba hii imetoka melini majuzi, ondoka. Zote zinazouzwa sasa zimeshakula barabara zetu miaka kadhaa, na herufi za namba hazikwambii umri wa gari, zinakwambia lilisajiliwa lini hapa. Gari lenye KCJ laweza kuwa la 2009. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye rekodi kwa namba ya chesisi, usiusome kwenye mdomo wa broka.

Mwaka ni muhimu kwa sababu ya injini. Nyingi zina injini ya lita 2.4, ile 2AZ-FE, na za miaka ya mwanzo, 2007 hadi 2009, zina ila ya kuzaliwa nayo: zinakula oili. Kila pistoni ina ringi tatu. Ya chini ndiyo ya oili. Kazi yake ni kukwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, kupitia vitundu vilivyotobolewa ndani ya mfereji wa ringi. Kwenye pistoni hizi vitundu ni vidogo mno. Masizi yakijaa, vinaziba, ringi inaganda mferejini, na oili inayobaki ukutani inaungua pamoja na petroli. Haivuji. Chini ya gari hukuti doa. Inatoka kwa ekzosi kidogo kidogo na mwenye gari hana habari.

Hili si neno la mafundi wa vichochoroni. Marekani, Toyota wenyewe walikuwa na mpango wa kubadilisha pistoni na ringi kwa magari yenye injini hii, Camry na RAV4 zikiwemo, yaliyoshindwa kipimo cha ulaji wa oili. Mpaka ulikuwa kwati moja kwa maili 1,200, ambayo ni karibu lita moja kwa kilomita 1,900. Mpango ule ulikuwa wa magari ya kule. Gari lililotumika Japani likaja kwetu halikuwamo, na gharama imeachiwa yeyote atakayelinunua wa mwisho bila kujua.

Maisha ya Malindi nayo yanalichochea tatizo. Gari linatoka Shela kwenda sokoni, linarudi, linasimama nusu saa likinguruma na AC imewashwa kumngoja mtu, halipati mwendo wa maana. Injini ya safari fupifupi na kusubiri hujenga masizi upesi kuliko ile ya barabara kuu. Ndiyo maana kilomita chache kwenye dashibodi si sifa kwa gari hili. Lenye kilomita nyingi za njia ndefu, lililobadilishiwa oili kila kilomita 5,000, mara nyingi lina ringi zenye afya zaidi.

Sasa hila zao. Ya kwanza ni kupasha injini moto. Gari lililolala usiku kucha likiwashwa asubuhi ndipo hutoa moshi wa bluu, na ndipo cheni ya taimingi hulia kama imewahi kukosa oili. Likishapashwa, vyote viwili vinanyamaza. Hila ya pili ni oili nzito. Injini hii inataka 5W-30 au nyepesi zaidi. Anayeficha anamwaga 20W-50, pengine na chupa ya dawa ya kuzuia moshi juu yake, na kwa wiki mbili tatu gari linakuwa tulivu. Vuta kijiti, acha tone lidondoke kwenye karatasi. Ikining'inia nzito kama asali wakati injini ina joto, uliza kwa nini. Uliza pia kadi ya sevisi inayofungwa ndani ya boneti. Kadi imetolewa? Basi kuna kilichoandikwa humo.

Hila ya tatu wengi hawaijui kwa sababu inafanana na uaminifu. Muuzaji anakwambia, leta fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kompresheni inatoka nzuri silinda zote nne na unafurahi. Lakini kompresheni inashikwa na ringi mbili za juu! Ya oili inaweza kuwa imeganda kabisa na geji isiseme neno. Nimeona watu wakitoa pesa yao kwa kipimo hicho peke yake, na inaniuma.

Kipimo chenye maana ni plagi. Ondoa kava ya plastiki juu ya injini, fungua koili nne zinazozipa plagi umeme, kila moja ina bolti moja ya spana 10, kisha soketi ya plagi ya 16. Ni kazi ya dakika ishirini kwa fundi asiye na haraka. Plagi njema ina ncha ya rangi ya kahawia hafifu, kavu. Ya injini inayokula oili ina ukoko mweupe au wa kijivu uliojijenga upande mmoja, au imelowa na kung'aa nyeusi. Usichanganye na oili iliyojaa kwenye shimo juu ya plagi. Hiyo ni gasketi ya kava ya vali, nayo ni kazi ndogo. Na plagi zikiwa mpya zinang'aa, usishangilie: tazama uchafu ndani ya mdomo wa ekzosi. Masizi makavu ni ya kawaida. Yakishika kidole kama grisi, jibu umelipata.

Kisha barabarani. Malindi ni tambarare, hatuna mlima wa kutusaidia, lakini ukivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui kuna nafasi. Weka gia ya chini, pandisha mzunguko mpaka 3,500 hivi, achia mafuta kabisa kwa sekunde kadhaa, halafu kanyaga tena huku mwenzako akitazama nyuma. Wingu la bluu likitoka pale unapokanyaga tena, injini inaunguza oili.

Ukishalinunua, au kama tayari unalo na hujui hali yake, fanya kipimo cha kweli. Simamisha gari pasawa, zima, ngoja dakika tano, jaza oili mpaka alama ya juu kabisa. Nenda Mombasa urudi mara mbili. Ni kama kilomita 480. Pima tena mahali palepale. Kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja. Ikishuka robo, ishi nayo lakini fungua boneti kila Jumamosi. Ikishuka nusu, unakula lita moja kwa kilomita 1,000, na hapo sahau kusubiri taa. Ile taa nyekundu ni ya presha, si ya kiwango. Sampu inachukua lita nne na kidogo, na taa ikiwaka bearing za injini zimeshaanza kusagika. Magari haya hayauawi na ringi. Yanauawa na mtu aliyekwenda Nairobi na kurudi bila kuvuta kijiti.

Tiba zipo, na ziende kwa mpangilio. Anza na vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa injini ukaungue tena, ni ya bei rahisi. Itoe, itikise, isipolia tupa uweke mpya. Pili, jaribu kulainisha ringi: toa plagi zote, mimina dawa ya kuyeyusha masizi kwenye kila silinda, acha ilale usiku mzima, kisha piga stata plagi zikiwa nje na koili zimechomolewa ili dawa itoke. Mwaga oili yote na ubadilishe filta kabla ya kuwasha. Wakati mwingine ulaji unapungua sana. Wakati mwingine hakuna kitu. Tatu, tiba yenyewe, ni pistoni nne za muundo uliorekebishwa, zenye njia kubwa zaidi za kurudisha oili, pamoja na ringi mpya. Fundi akikwambia aweke ringi mpya kwenye pistoni zako za zamani, atakurudisha ulikotoka, kwa sababu ugonjwa uko kwenye vitundu. Na akikushauri ununue injini ya mtumba kutoka Japani, mwulize ni ya mwaka gani. Injini ya 2008 itakuja na pistoni zilezile.

Kwa hiyo, hukumu yangu: usinunue Vanguard ya 2.4 ya miaka ya mwanzo. Achana nayo.

Nimeandika hivyo, na bado moyo haujakubali. Kwa sababu ukiondoa ringi, ni gari gani lingine hapa linabeba jamaa saba mpaka harusini Mambrui, linapita barabara ya Garsen mpaka Mokowe bila kulalamika, na vipuri vyake vipo kila duka? Injini ina cheni, haina mkanda wa kukatika. Giaboksi ya CVT, ile isiyo na hatua za gia, inadumu ikipewa oili yake ya CVT iliyoandikwa kwa ajili yake. Inayokufa ni ile iliyomwagiwa ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, na mtu mvivu. Za 2012 na 2013 malalamiko ya oili ni machache. Basi niseme hivi: ya mwisho mwisho, iliyopita kipimo cha plagi, nunua kwa moyo mweupe. Ya mwanzo, nunua kama pistoni zimeshabadilishwa na risiti ipo, au kama bei imepunguzwa gharama nzima ya kazi hiyo. Mpate fundi akupe hesabu kabla hujaanza kupatana, si baadaye.

Ipo pia ya V6 ya lita 3.5. Ni chache, inakunywa petroli, lakini haina ugonjwa huu. Ina wake: bomba la oili la VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa vali) lenye kipande cha mpira katikati. Kikipasuka, oili yote inamwagika kwa dakika chache. Badilisha liwe la chuma tupu, na uifanye siku uliyolinunua.

Mwisho nenda chini ya gari, na hapa ninawasihi hasa wa pwani. Chumvi yetu haina huruma. Tazama fremu ndogo ya nyuma, bomba za breki, na kondensa ya AC. Lakini kwanza kabisa tazama mikono miwili ya nyuma, vyuma vinavyoshika magurudumu, inayorekebishwa wakati wa alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Huko Marekani, mwaka 2012, Toyota waliita RAV4 za 2006 hadi 2011 zirudishwe kurekebishwa kwa ajili ya mikono hiyo: nati za kufungia zisipokazwa sawasawa baada ya alaimenti, uzi unacheza, kutu inaingia, na mkono unaweza kuachana ukiwa mwendoni. Vanguard ina mpangilio uleule wa nyuma. Hapa gari linafanyiwa alaimenti kila likigonga shimo, na si kila kijana mwenye spana anarudi kukaza nati. Shika mkono kwa nguvu uutikise. Ukicheza kwenye uzi, au nati imekuwa donge la kutu, usiikaze ukaridhika. Badilisha mkono mzima, pande zote mbili, kisha ndipo ufanye alaimenti, na usimame pale mpaka nati ikazwe ukiona.