Vitabu nilivyomsomea mama kwa sauti: kipi ununue, kipi uazime

Habari zenu watazamaji, karibuni. Niko Moshi, na hapa mezani nina vitabu vitano ambavyo vyote nimevisoma kwa sauti. Macho ya mama yangu yamepungua nguvu, herufi ndogo hazioni tena hata akivaa miwani, kwa hiyo jioni vyombo vikishaoshwa namsomea. Mimi si mwalimu wa fasihi, ni msomaji tu. Lakini kazi hii imenipa kipimo ninachokiamini kuliko sifa zinazoandikwa nyuma ya jalada. Ukisoma kimoyomoyo unaweza kuruka aya nzima na usijue. Kwa sauti huruki. Sentensi mbovu inakukwaza ulimi, maongezi ya kubuni hovyo yanasikika ni ya kubuni hovyo, na msikilizaji akichoka utamsikia anauliza kama banda la kuku limefungwa.

Cha kwanza ni cha upelelezi: Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichochapwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanaanza kunong'ona habari za mashetani, halafu anaingia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali ya kawaida kabisa kuhusu watu walio hai. Kwa sauti kitabu hiki kinakwenda chenyewe, kwa sababu mambo mengi yanatokea kwenye maongezi. Kila mtu ana namna yake ya kusema, hata sikulazimika kutaja nani anajibu. Mama alimshuku mtu wake tangu mwanzo na akanikataza nisimwambie kitu. Kasoro yake ni huko mwishoni, Bwana Msa anapofafanua. Maelezo ni marefu, na mimi hapo pumzi ilikata. Kinunue. Ukipenda mbio na bastola, mtafute Willy Gamba, mpelelezi wa vitabu vya Elvis Musiba, ila huyo msome mwenyewe ndani ya basi la Dar, maana ukimsoma kwa sauti unachoka wewe kabla yake.

Cha pili, Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971. Hiki kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na wengi tulikisikia sifa zake mbaya kabla hatujakishika. Rosa anakulia Ukerewe, baba yake Zakaria ni mlevi, na anamchunga binti kwa kipigo. Akishaondoka kwenda kusoma mbali na macho ya baba, hajui afanye nini na uhuru ule, kwa sababu hakuna aliyemfundisha ila kuogopa.

Sasa fikiria unamsomea mama yako mzazi. Nilifika penye mambo ya wanaume nikasita, nikajifanya natafuta mstari. Mama akasema, "Soma, mwanangu. Hayo ninayajua kabla hujazaliwa." Nikasoma. Alipoacha kunijibu nilidhani amesinzia, kumbe analia, na usiku ule alinieleza habari za binti mmoja waliyesoma naye ambazo hajawahi kunieleza. Siwezi kuzisema hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba wanaodai kitabu hiki kinafundisha uhuni sikubaliani nao hata kidogo. Kinamuuliza mzazi: ulipokuwa unamfungia mtoto mlango, ulikuwa unamwambia nini? Kezilahabi anaandika sentensi fupi, kavu, hakuhubirii. Kama una binti anakwenda bweni mwaka huu, kisome wewe kwanza, halafu mpe na yeye akisome, mkizungumze. Hiki usiazime, kiwe chako.

Kabla sijaendelea, suala la nakala zenyewe, maana linaniuma. Nilinunua kitabu kimoja kwa watu wanaotandaza vitabu barabarani, nikafika nyumbani nikakuta hadithi imeruka. Kurasa za kitabu hushonwa au kugundishwa kwa mafungu, mara nyingi fungu moja ni kurasa 16, kwa hiyo likikosekana moja unapoteza kipande kizima. Kabla hujatoa hela, pitisha kidole gumba ukiangalia namba za kurasa. Fungua pia ule ukurasa wa mwanzo wenye jina la mchapishaji na mwaka. Kama haupo, na maandishi yamefifia upande mmoja, hiyo ni fotokopi iliyogundishwa jalada, na mwandishi hakupata hata senti. Na kama mnamnunulia mzee, tazameni ukubwa wa herufi. Wachapishaji wetu wanabana herufi ili kuokoa karatasi, na wanaoumia ni wale wale wenye muda wa kusoma.

Haya, tamthiliya. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969. Najua watu wengi mkisikia tamthiliya mnakumbuka mtihani, lakini kitabu hiki kimeandikwa kisikike. Kinahusu vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, na yule mtu aliyewapa watu maji wakaamini risasi za Mjerumani hazitawadhuru. Tuligawana sauti: mdogo wangu akawa Kitunda, mmoja wa wahusika, wapwa zangu wakawa umati. Kuna pahali Kinjeketile anatambua kwamba neno alilolitoa limeshakuwa kubwa kuliko yeye, watu wameshalibeba, na hata akitaka kulishika halishikiki. Mwishoni anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Nyumbani tulibishana mpaka chai ikapoa: mama anasema alipaswa kuokoa watu, mdogo wangu anasema akikana anawaua mara ya pili. Ni kijitabu chembamba. Hiki kiazime Maktaba ya Mkoa kwanza, kisha mkikipenda nunueni nakala mbili, maana kugombania moja ni tabu.

Cha nne ndicho ninachotaka mkikumbuke. Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis akakileta kwa Kiswahili, kikachapwa na Mkuki na Nyota 2022. Yusuf ana miaka 12, baba yake anadaiwa na tajiri, na mtoto ndiye anayelipa: anachukuliwa kwenda kumtumikia Ami Aziz, ambaye wala si ami yake. Lakini sisi watu wa huku tuna sababu nyingine ya kukisoma. Yusuf anaachwa kwenye mji mdogo chini ya mlima mkubwa, kwa mfanyabiashara aitwaye Hamid. Tulipofika hapo mama aliniambia nirudie. Huo mlima hautajwi jina, lakini mtu wa Moshi hahitaji kutajiwa. Na sisi wa huku tumezoea kuelezwa mlima na watu waliokuja kuupanda. Hapa wapo watu wenye duka, wenye madeni, wenye wasiwasi wa bidhaa zao, wanaishi chini yake. Yupo na Kalasinga, Mhindi fundi wa magari, anabishana na Hamid kuhusu dini na kuhusu azma yake mwenyewe ya kuitafsiri Kurani. Mama alicheka, kisha akaniuliza kama watu wa aina ile kweli waliishi huku. Nikamwambia majengo ya maduka ya zamani pale mjini si anayaona?

Ugumu upo. Safari ya bara ni ndefu, na Kiswahili chake kina ladha ya visiwani. Msiharakishe. Sehemu moja kwa jioni inatosha.

Nimalizie na mashairi: Kichomi, Kezilahabi tena, 1974. Hayana vina wala mizani, na wakati wake yalizua ugomvi mkubwa kati ya washairi. Mama, aliyekulia kwenye nyimbo za kanisani, aliyakataa siku ya kwanza. "Hili shairi linaimbwaje?" Haliimbwi, linasemwa, na ukilisema polepole linakaa. Sasa anaomba moja kabla ya kulala, na mengine ananirudisha nyuma niyasome tena. Kama hujazoea mashairi, usikinunue kwanza. Kiazime, usome shairi moja kwa sauti, na uone kama kesho yake utalitafuta.